SIMU MKONONI MWA MKIMBIZI: TUPIME HABARI TUNAZOSOMA

Somo la wiki kwa familia na vikundi vya maombi
Masomo: Hesabu 13:25 – 14:10, Kutoka 20:16, Mithali 18:17



UTANGULIZI

Wapelelezi 12 waliotumwa na Musa walizunguka nchi moja kwa siku 40. Waliona miji ileile, watu walewale na zabibu zilezile. Lakini waliporudi walileta taarifa mbili. Tuangalie jambo hili kwa makini: wale kumi hawakudanganya katika kila neno. Kuta zilikuwepo, na watu wenye nguvu walikuwepo. Kosa lao lilikuwa katika kuchagua la kukuza na la kuficha. Wakajiona wadogo kama panzi, na taifa zima likajiona hivyo pamoja nao. Usiku ule watu walilia, wakataka kiongozi wa kuwarudisha Misri, na mwisho walikuwa tayari kuwapiga mawe Yoshua na Kalebu.

Hiyo ndiyo nguvu ya habari. Inatueleza mambo, na papo hapo inatufundisha tumwoneje jirani na tumtendeeje. Leo tutaitazama nguvu hiyo katika jambo moja tunaloliona kila siku: simu ya kisasa na namna magazeti yanavyoisema.

I. PICHA YA MWAKA 2015

Mwaka 2015 watu zaidi ya milioni moja walivuka bahari kuingia Ulaya, wengi wao wakitoka Syria. Magazeti yalichapisha picha zao wakishuka kutoka mitumbwi ya mpira katika kisiwa cha Lesbos huko Ugiriki. Katika baadhi ya picha, mkimbizi alikuwa ameshika simu ya kisasa. Wasomaji wengi wakauliza: mtu mwenye simu kama hii ni mkimbizi wa namna gani? Kwao simu ikawa ushahidi kwamba hana shida.

Sauti nyingine ilisikika pia. Septemba 2015 gazeti la The Independent la London lilitoa makala ya kuwajibu walioshangaa: Syria haikuwa nchi ya watu fukara, simu za kisasa siku hizi si ghali kama zamani, na kwa mtu aliye safarini simu ni chombo cha lazima. Kwa simu hiyo walitafuta njia, waliita msaada mtumbwi ulipoanza kuzama, na waliwajulisha jamaa kwamba wamefika salama.

Mwaka 2016 shirika la UNHCR lilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba mara nyingi wakimbizi hutumia hadi theluthi moja ya fedha zao za matumizi kwa mawasiliano. Mtu hatoi sehemu kubwa hivyo ya fedha kidogo kwa ajili ya mchezo. Hutoa kwa sababu mama yake yuko upande wa pili wa mpaka.

II. NENO LA MWAKA 2018

Hapa Uganda tulipata somo letu. Machi 2018 Rais Museveni aliandika barua kwa wizara ya fedha kwamba mitandao kama Facebook na WhatsApp inaeneza "lugambo", yaani umbea, na kwamba inafaa kutozwa kodi. Mambo ya elimu na utafiti aliyaacha nje ya kodi hiyo. Magazeti yalilichukua neno hilo, na likazungumzwa kila mahali. Tarehe 1 Julai 2018 kodi ya shilingi 200 kwa siku ilianza. Ilidumu hadi 2021, ikaondolewa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando za intaneti.

Hatuandiki haya ili kubishana na serikali iliyotupokea. Tunataka kuonyesha kazi ya neno moja. Umbea upo kweli, wala Biblia haiuachi bila kuukemea. Lakini neno "lugambo" lilipokuwa jina la mazungumzo yote ya WhatsApp, liliwafunika pia watu wasiokuwa na umbea wowote. Mjane anayepokea sauti ya mwanawe kutoka Bunia, akisikia kwamba bado yu hai, je, huo ni umbea?

III. HABARI HIZI ZINAVYOINGIA KANISANI

Mpendwa msomaji, huenda ukasema: sisi hatununui magazeti. Lakini maneno ya gazeti husafiri bila karatasi. Hufika sokoni, kwenye foleni ya maji, kisha hufika kwenye kikao cha mashemasi. Hapo husikika: "Familia ile isisaidiwe, binti yao ana simu ya kugusa." Au: "Msichana mwenye simu ameharibika."

Hapo swali la 2015 limeingia kanisani kwetu. Mkimbizi anamwambia mkimbizi mwenzake yale aliyoambiwa yeye na watu wa mbali. Huenda simu hiyo ilitumwa na kaka aliye Marekani. Huenda ni ya mkono wa pili, kioo kimepasuka, na ndiyo njia ya kupokelea fedha za msaada. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haivunjwi mahakamani tu. Huvunjwa pia tunapotazama kitu kilicho mkononi mwa mtu na kutamka hukumu juu ya sufuria yake ambayo hatujaifunua.

Hata hivyo tusiende upande wa pili. Kuta za Kanaani zilikuwepo, na hatari za simu zipo. Wako vijana wanaotazama uchafu usiku kucha. Wako matapeli wanaopiga simu na kuahidi safari ya kwenda nchi ya tatu kwa malipo, ingawa huduma za UNHCR ni bure. Gazeti linaloonya juu ya mambo haya linatusaidia. Lakini onyo juu ya tendo lisigeuzwe kuwa hukumu juu ya kila mwenye simu.

IV. TUFANYE NINI?

1. Tusikilize upande wa pili. Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayesema kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumhoji. Ukisoma habari au kuisikia, uliza: nani amesema, na nani hakuulizwa?

2. Mashemasi wapime chungu, wasipime simu. Waingie nyumbani, waulize watoto wamekula nini jana, ndipo waamue.

3. Sheria ya simu itoke nyumbani na katika Neno. Wazazi wakae na watoto wapatane: wakati wa ibada ya jioni simu ipumzike, mtoto aitumie mbele ya watu wa nyumbani, ujumbe wa kumchafua mtu usipitishwe kwa mwingine. Familia yenye mapatano yake haiyumbishwi na kila kichwa cha habari.

MASWALI YA KUJADILI

a) Wapelelezi kumi walisema jambo gani la kweli, na walificha nini?
b) Je, kuna familia katika kikundi chetu iliyonyimwa msaada kwa sababu ya kitu kilichoonekana mkononi mwake? Tutawaendeaje?
c) Nyumbani kwenu mmepatana nini juu ya simu?

SALA

Bwana, tupe macho ya Yoshua na Kalebu, tuone kuta na zabibu pia. Linda vinywa vyetu tusimhukumu jirani kwa kile anachoshika. Wakumbuke walio mbali nasi ambao sauti zao tunazisikia kwa simu tu. Katika jina la Yesu. Amina.