Asili ya Vifereji vya Nyongo katika Ini

Achinjaye mbuzi, Katumba mkoani Katavi kama kwingineko, hukiondoa kifuko cha nyongo kwa uangalifu, kwani kikipasuka nyama huwa chungu. Kifuko huhifadhi nyongo tu; anayeitengeneza ni ini. Kutoka humo nyongo hupita katika vifereji vyembamba sana, hukusanyika katika mfereji mkuu, na kumwagika utumboni ili kusaidia umeng’enyaji wa mafuta. Somo hili laeleza jinsi vifereji vya ndani ya ini vinavyoumbwa.

Chembe zenye njia mbili

Ini la binadamu huchipua kutoka utumbo wa kiinitete yapata juma la 4 baada ya mimba kutungwa. Chembe zake changa zote zina jeni zilezile, nazo zaweza kuwa ama chembe za ini, ama chembe za kuta za vifereji. Tofauti huletwa na jeni zinazosomwa na zile zinazonyamazishwa. Usomaji huo huongozwa na protini ziitwazo vidhibiti vya unukuzi, ambazo hushika DNA mahali maalumu. HNF4A huelekeza chembe kuwa ya ini. SOX9, HNF6 na HNF1B huielekeza kwenye kifereji.

Ishara ya jirani

Tishu izungukayo mshipa uletao damu kutoka utumboni ina protini iitwayo JAG1. Protini hiyo hugusa kipokezi kiitwacho Notch kilicho juu ya chembe changa iliyo jirani. Kipande cha Notch hukatika, huingia katika kiini cha chembe, na SOX9 huamshwa. Chembe zilizo mbali na mshipa hazipati ishara hiyo, hivyo huwa chembe za ini. Yapata juma la 8, zile za jirani hufanya tabaka kuuzunguka mshipa. Baadaye sehemu za tabaka hilo huwa vifereji.

Ushahidi

Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba panya wakikosa HNF6, au wakikosa HNF1B katika ini, vifereji vyao haviumbiki sawasawa. Kabla ya hapo, mwaka 1997, kasoro ya jeni ya JAG1 ilitambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa Alagille, ambao mara nyingi huacha ini na vifereji vichache mno.

Faida ya maarifa haya

Nyongo isipopata njia, ini huharibika. Mtoto mchanga ambaye macho yake yangali manjano baada ya siku 14, hasa akiwa na choo cheupe, yapasa apelekwe hospitali bila kukawia. Sababu zaweza kuwa nyingi. Lakini ikiwa njia za nyongo zimeziba, operesheni iliyoanzishwa na Morio Kasai wa Japani katika miaka ya 1950 hufaa zaidi ikifanywa kabla ya miezi 2.

Maswali

1. Kwa nini chembe zenye jeni zilezile hufanya kazi tofauti?
2. Chunguza ini la mbuzi lenye kifuko chake. Chora njia ya nyongo kutoka ini hadi utumbo.
3. Eleza matokeo iwapo JAG1 itapungua.