Sikiliza Kwanza, Shauri Baadaye: Mazungumzo Yanayopunguza Msongo wa Mawazo

Ni saa mbili usiku. Mwendesha bodaboda anaegesha pikipiki uani na kuingia ndani bila kusema neno. Mchana amepata pancha mara mbili, abiria walikuwa wachache na mwenye pikipiki amempigia simu akidai hesabu ya siku. Mkewe naye ana ujumbe wa shule kwenye simu tangu adhuhuri, na amekuwa akimngoja.

"Baba Amina, karo ya mtoto imefikia wapi?"

"Kwani mimi naokota pesa barabarani?"

Mazungumzo yanaishia hapo. Chakula kinaliwa kimya, watoto wanajifanya wamelala, na watu wawili wanalala kitanda kimoja kila mmoja akiwa na mawazo yake. Asubuhi karo bado haijalipwa, na sasa kuna ugomvi juu yake.

Katika mfano huu hakuna aliyesema uongo. Karo inadaiwa kweli, na pesa hakuna kweli. Kilichokosekana ni kila mmoja kujua mwenzake ameibeba siku ya namna gani. Somo la toleo hili linahusu pengo hilo na jinsi ya kuliziba.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuzungumza kwa kuelewa hisia za mwenzako huanza kwa kukubali kwamba kunguni wa kitanda chake huwajui, kwa hivyo unahitaji kuuliza na kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Hili ni tofauti na kumhurumia mtu. Anayemhurumia mwenzake humtazama akiwa juu na kusema "masikini wee". Anayemwelewa huketi karibu naye na kujaribu kuona jambo jinsi yeye anavyoliona. Pia si lazima ukubaliane naye. Mke anaweza kuelewa uchovu wa mumewe na bado akataka jibu kuhusu karo.

Mwili unapoziba masikio

Mtu anapohisi anashambuliwa, hata kwa maneno tu, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na akili hutafuta njia ya kupigana au kukimbia. Katika hali hiyo ni vigumu kusikia hoja, hata iwe nzuri namna gani. Ndiyo sababu kupaza sauti hakumfanyi mtu aelewe zaidi.

John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza mazungumzo ya wanandoa kwa miongo kadhaa, hushauri wanaogombana wapumzike kwa angalau dakika 20 kabla ya kuendelea, ili mwili urudi katika utulivu. Muhimu ni kusema utarudi lini. Anayeondoka bila neno humwacha mwenzake akidhani amepuuzwa.

Kuitaja hisia kwa jina pia husaidia. Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Matthew Lieberman, walionyesha kwamba mtu anapoipa hisia jina, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu hupunguza shughuli zake. Kwa hivyo kumwambia mtu "naona umechoka na umevunjika moyo" si maneno ya kupitisha wakati. Ni hatua ya kwanza ya kumtuliza.

Funzo kutoka Harare

Mfano mmoja wa nguvu ya kusikiliza unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Alikuwa amempoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kumfikia hospitalini. Aliona kwamba msaada lazima uwe karibu na watu, na katika mtaa ule waliokuwa karibu na watu ni akina bibi.

Akina bibi hao walifunzwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsikiliza. Hawakutumia majina ya magonjwa kutoka vitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Nasi tuna namna yetu ya kulisema jambo hilohilo: "ana mawazo mengi". Hatua ya kwanza ya mazungumzo yao huitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgonjwa husimulia shida zake zote, kisha yeye mwenyewe huchagua moja ya kuanza nayo. Bibi hamchagulii.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliopitia benchi hilo bado walikuwa na dalili za sonona. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa karibu asilimia 50.

Nchini Kenya, wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa rasmi Septemba 2023, kila mmoja akihudumia takriban kaya 100. Wanapima shinikizo la damu na kufuatilia chanjo. Lakini mara nyingi wao pia ndio wa kwanza kuambiwa "sina usingizi siku hizi". Jinsi wanavyolipokea neno hilo ndiyo huamua kama mtu ataendelea kusema au atanyamaza.

Hatua nne za kusema bila kuumiza

Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2015, alipanga mazungumzo ya aina hii katika hatua nne zinazokumbukwa kwa urahisi:

1. Sema ulichoona au ulichosikia, bila kulaumu.
2. Sema unavyohisi.
3. Sema unachohitaji.
4. Omba jambo moja linalowezekana, na uwe tayari kwa jibu lolote.

Turudi kwa Mama Amina. Anaweza kumngoja mumewe aoge na kula, kisha aseme: "Baba Amina, leo shule imetuma ujumbe kwamba karo iliyobaki ni shilingi 4,500. Nina wasiwasi, kwa sababu sitaki mtoto akose mtihani. Tunaweza kukaa kesho jioni tupange tuanze na ngapi?"

Naye mume anaweza kujibu: "Mama Amina, leo nimepata pancha mara mbili na hesabu ya mwenye pikipiki sijaimaliza. Nimechoka, na naona aibu kurudi mikono mitupu. Niache nilale, kesho saa moja jioni tukae."

Shilingi 4,500 bado hazijapatikana. Lakini sasa shida iko mezani, na watu wawili wameketi upande mmoja wakiitazama. Kesho wanaweza kwenda shuleni pamoja kuomba kulipa kidogo kidogo, au kuzungumza na chama. Jana usiku hata hilo lisingewezekana.

"Pole, lakini..."

Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi hazina: pole. Tunamwambia aliyejikwaa, aliyefiwa, hata aliyetoka kazini. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaliharibu kwa neno linalofuata. "Pole, lakini wewe nawe ulizidi." "Pole, lakini wenzako wana shida kubwa zaidi." Neno "lakini" hufuta pole yote.

Majibu mengine yanayofunga mlango ni kushindanisha shida ("Hayo si kitu, ngoja nikwambie yangu"), kuhubiri kabla hujaulizwa, na kumkataza mtu kuhisi ("Mwanamume halii"). Badala yake, jaribu: "Pole. Ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Akimaliza, uliza: "Unataka tutafute njia, au ulitaka tu nikusikilize?" Swali hili limeokoa ushauri mwingi mzuri usitolewe wakati mbaya.

Kwenye dirisha la huduma

Somo hili ni la maofisi pia. Mama anafika zahanati na mtoto wa miezi 11 ambaye hajapata chanjo ya surua ya miezi 9. Akiambiwa "Nyinyi akina mama hamsikii", atainamisha kichwa, mtoto atachanjwa, na huenda chanjo ya miezi 18 asionekane tena. Akiambiwa "Karibu mama, umefanya vizuri kuja. Kulikuwa na shida gani mwezi wa tisa?", huenda akaeleza kwamba mvua ilikata barabara, au kwamba alikuwa akimuuguza mkwewe. Hapo mhudumu ana habari ya kumsaidia: siku ya kliniki tembezi, au namba ya mhamasishaji wa kijiji chake.

Mwananchi naye ana wajibu. Aliye nyuma ya dirisha huenda amehudumia watu wengi tangu asubuhi, na foleni hakuianzisha yeye. "Habari za kazi, naona leo mna watu wengi" ni maneno machache yasiyogharimu chochote.

Kuelewa si kuvumilia mateso

Mazungumzo ya upole hayachukui nafasi ya usalama. Anayepigwa au kutishiwa hahitaji kujifunza kumwelewa zaidi anayempiga. Anahitaji msaada. Namba 1195 hupokea ripoti za ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya kuwasaidia watoto. Aliyelemewa na mawazo, hasa anayefikiria kujidhuru, anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au kufika kituo cha afya kilicho karibu. Ukimwona mwenzako katika hali hiyo, usimwache peke yake. Mwandamane.

Zoezi la wiki hii

Siku ya kwanza: msikilize mtu mmoja wa nyumbani kwa dakika tano, simu ikiwa kando, bila kumkatiza wala kumshauri. Mwishoni, rudia kwa maneno yako ulichosikia na umuulize kama ndivyo.

Siku ya tatu: ukisema "pole", usiongeze "lakini". Hesabu mara ngapi limekuponyoka.

Siku ya saba: chukua jambo moja linalokukera na uliandike kwa hatua nne. Lisome kimya kabla ya kulisema. Ukiona hatua ya kwanza ina maneno "kila siku wewe" au "hujawahi", anza upya.

Vikundi vya akina mama, vyama vya bodaboda na mabaraza ya vijana vinaweza kufanya zoezi hili wawili wawili katika mkutano ujao. Nusu saa inatosha.