Ghala la Yusufu na Kivuli cha Kutengenezwa

Somo: Mwanzo 41:25-49 na 47:13-21

Baada ya ibada majuzi kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, ni ukweli kuna watu wanataka kupunguza jua? Na hiyo si ni kujifanya Mungu?"

Habari ni ya kweli. Mwaka wa 1991 mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka, ukarusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa juu angani. Joto la dunia likashuka karibu nusu digrii kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Basi wanasayansi wakauliza: kama volkano inaweza, mbona ndege zisipeleke salfa huko juu, irudishe sehemu ndogo ya miale ya jua, dunia ipoe?

Sikumwambia kijana ni dhambi. Mungu hakumwagiza Yusufu aikemee njaa. Alimpa mpango: sehemu ya tano ya mavuno, miaka saba, wasimamizi, maghala mijini. Mimi nilisomea biashara, na huo ni mpango wa biashara kabisa. Na yule anayesema tulale tu kwa sababu Mwanzo 8:22 inaahidi majira hayatakoma, akumbuke mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 hapa Kenya. Majira hayakukoma. Watu walizikwa.

Sasa hebu tufungue vitabu vya hesabu. Salfa hukaa huko juu mwaka mmoja au miwili, kisha huanguka. Lazima upeleke tena na tena. Gesi ya kaboni nayo hukaa mamia ya miaka. Ni kama kumeza panadol kila siku na malaria iko palepale. Siku pesa zikiisha, au vita vizuke na ndege zisimame, joto lote lililofichwa linarudi kwa miaka michache tu. Bahari nayo inaendelea kuingiwa na asidi hata kukiwa na kivuli. Na kwetu sisi wa shamba la kungojea mvua, swali kubwa si digrii. Ni mvua itanyesha wapi.

Njia ya pili ni kuinyonya kaboni kutoka hewani. Hii naipenda zaidi. Hapa Gilgil kampuni ya Kenya inaijaribu, na miamba ya Bonde la Ufa inaweza kuigeuza gesi hiyo kuwa jiwe. Nawaombea wafaulu. Lakini kiwanda kikubwa kilichofunguliwa Iceland mwaka wa 2024 kilijengwa kunyonya tani 36,000 kwa mwaka, wakati dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 37 kutokana na mafuta, makaa na gesi. Piga hesabu mwenyewe: viwanda zaidi ya milioni moja. Mwenye kununua cheti cha kaboni kisha akaendelea kuchafua kama jana hajalipa deni lolote.

Wengi hawajui kwamba Februari 2024 jambo hili la kupunguza jua lilijadiliwa hapa hapa Nairobi, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Uswisi ilitaka liundwe kundi la wataalamu. Nchi za Afrika zilitaka dunia ikubaliane kutoitumia teknolojia hiyo. Hawakuelewana, pendekezo likaondolewa.

Kwa nini Afrika ilikataa? Turudi kwa Yusufu, sehemu ambayo huwa hatuihubiri. Katika sura ya 47 watu walinunua nafaka mpaka fedha ikaisha. Wakatoa mifugo. Wakatoa mashamba, na mwishowe wakajitoa wao wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Ghala liliokoa maisha kweli, lakini ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja.

Wiki hii kwenye ushirika wa nyumbani someni sura hiyo yote, kisha mjadili: mashine ya kupoza dunia ikijengwa, ufunguo ukae kwa nani, na mkulima wa Kitui atamfikiaje?