SOMO LA UFUNDI: MTETEMO WA MITAMBO INAYOZUNGUKA

Watumishi wanaosimamia pampu za maji na majenereta, pamoja na wananchi waishio karibu nayo, wanafahamu kwamba mtambo unaozunguka hautulii kabisa. Mtetemo mdogo ni wa kawaida. Ukizidi, hula beringi, hulegeza nati za msingi, na mwisho waweza kuvunja shafti, kukatiza huduma na kujeruhi watu. Ni wajibu chanzo kijulikane kabla ya kushika spana.

Kila shafti ina kasi yake ya hatari, ambapo mtetemo mdogo hukua mno, mfano wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Mwaka 1869 mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alishikilia kuwa haiwezekani kuzunguka salama juu ya kasi hiyo. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Gustaf de Laval wa Sweden alithibitisha kinyume chake kwa mtambo wa mvuke wenye shafti nyembamba. Mwaka 1919 Henry Jeffcott alieleza sababu kwa hesabu: chini ya kasi ya hatari, upande mzito wa gurudumu huelekea nje; juu yake, gurudumu huzunguka kwenye kitovu cha uzito wake na kutulia. Kwa hiyo hatari kubwa ni kukawia katika kasi hiyo.

Njia ya kwanza ya uchunguzi ni hesabu. Kwa gurudumu moja lililo katikati ya shafti nyepesi, pima kwa milimita jinsi shafti inavyopinda kwa uzito wa gurudumu, tafuta kipeuo cha pili cha kipimo hicho, kisha gawa 946 kwa jibu. Shafti ikipinda milimita 0.1, kasi ya hatari ni mizunguko 2,990 hivi kwa dakika. Kuifunga kwenye mota ya mizunguko 2,900 ni kukaribisha maafa.

Njia ya pili ni kupima mtetemo kwenye beringi na kuulinganisha na mzunguko. Jenereta la mizunguko 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kwa sekunde. Mtetemo wa mara 25 aghalabu huashiria uzito usio sawa. Wa mara 50, shafti mbili zisizonyooka pamoja. Hizo ni dalili, si hukumu.

Njia ya tatu ni kuandika ukubwa wa mtetemo wakati mtambo unapozimwa na kupungua kasi. Ukipanda ghafla kisha ukashuka, hapo ndipo penye kasi ya hatari.

Wasimamizi wa mitambo wanashauriwa kuandika vipimo hivyo daftarini mara kwa mara, maana mabadiliko hutangulia uharibifu. Mwananchi atakayesikia mtambo ukinguruma isivyo kawaida asiusogelee, bali amwarifu msimamizi wa kituo mara moja.