Mabadilishano ya Hadithi katika Jamii Ndogo za Mashabiki: Kanuni Zake na Athari Zake kwa Utunzi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna jamii ndogo za mashabiki wa kazi za kubuni zinavyoandaa mabadilishano ya hadithi, yaani utaratibu ambao kila mshiriki humwandikia mwenzake hadithi moja na kupokea nyingine. Hoja kuu ni kwamba kanuni za mabadilishano hayo si taratibu za uendeshaji tu, bali ni sehemu ya masharti ya utunzi. Aidha, inaelezwa kwamba katika jamii ndogo uhai wa utaratibu mzima hutegemea hakikisho moja: kwamba hakuna aliyetimiza wajibu wake atakayebaki mikono mitupu.

1.0 Utangulizi

Utunzi wa mashabiki ni uandishi wa hadithi mpya zinazotumia wahusika au mandhari ya kazi iliyokwisha kuwapo, bila kusudio la kuuza. Mashabiki wa Star Trek nchini Marekani walitoa jarida lao la kwanza, Spockanalia, mwaka 1967. Wahakiki wa vyuo vikuu waliupa utunzi huu uzito hasa baada ya vitabu vya Henry Jenkins na Camille Bacon-Smith vya mwaka 1992. Mwaka 2007 liliundwa shirika lisilo la kibiashara, Organization for Transformative Works, ambalo hifadhi yake ya hadithi, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 na kupewa Tuzo ya Hugo mwaka 2019.

Uchunguzi mwingi umeelekezwa kwenye jamii kubwa, zenye maelfu ya waandishi. Jamii ndogo zina tatizo la namna yake. Shabiki wa riwaya ambayo wapenzi wake wanaoandika hawazidi kumi anaweza kuandika hadithi nzuri isipate msomaji hata mmoja wa kuijibu. Akikosa jibu mara mbili au tatu, huacha. Naye akiacha, wale tisa waliobaki hupoteza sehemu ya kumi ya fasihi yao. Mabadilishano ya zawadi ni mojawapo ya majibu ambayo mashabiki wenyewe wameyabuni kwa tatizo hili.

2.0 Istilahi

Katika makala haya, mshiriki atazamwapo kama mtu anayeandikiwa tutamwita mpokeaji, na atazamwapo kama mtu anayeandika tutamwita mtoaji. Kila mshiriki huwa vyote viwili. Ombi ni tamko la mpokeaji kuhusu kazi na wahusika anaotaka waandikiwe hadithi. Ahadi ni tamko la mtoaji kuhusu wahusika alio tayari kuwaandika. Kuoanisha ni kazi ya mratibu ya kumpa kila mpokeaji mtoaji mmoja ambaye ahadi yake inakutana na ombi husika. Mwandishi wa akiba ni mtu aliyekubali kuandika kwa muda mfupi pale mtoaji anapojitoa.

3.0 Msingi wa Nadharia

Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake kuhusu miundo ya ukoo cha mwaka 1949, alitofautisha mabadilishano finyu, ambamo A humpa B naye B akamrudishia A, na mabadilishano ya mzunguko, ambamo A humpa B, B akampa C, hata mwisho A akapokea kutoka kwa mtu ambaye hakumpa chochote. Karen Hellekson, katika makala yake ya mwaka 2009, aliitumia nadharia ya zawadi kueleza jamii za mashabiki kwa jumla.

Mabadilishano tunayoyachunguza yanaelekea zaidi upande wa mzunguko. Mtoaji hamdai mpokeaji wake chochote isipokuwa shukrani. Malipo yake yatatoka kwingine. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka upatu, ambao nao husimama juu ya imani kwamba anayetoa leo atapokea kwa zamu yake. Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Katika upatu kinachozunguka ni fedha, na shilingi ya mmoja haina tofauti na ya mwingine. Katika mabadilishano ya hadithi, kila zawadi imekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na haiwezi kuhamishiwa kwa mwingine bila kupoteza sehemu ya maana yake.

4.0 Uandaaji

4.1 Mifumo Miwili

Udogo wa jamii unaweza kukabiliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzikusanya jamii nyingi ndogo katika mabadilishano mamoja. Mfano maarufu ni Yuletide, yaliyoanza mwaka 2003 na ambayo huandaliwa kila mwaka kwa ajili ya kazi zenye hadithi chache za mashabiki. Kila mshiriki huomba kazi kadhaa na kuahidi kadhaa; inatosha kwamba yeye na mtoaji wake wakutane katika kazi moja. Hadithi lazima iwe na maneno yasiyopungua 1,000. Hadithi hufunguliwa tarehe 25 Desemba, na majina ya waandishi hutajwa tarehe 1 Januari.

Njia ya pili ni mabadilishano ya kazi moja tu. Hapa washiriki wote wanaijua kazi hiyo, hivyo kuoanisha hufanywa kwa kuzingatia wahusika. Njia hii huimarisha jamii yenyewe, lakini ni ngumu zaidi kuiratibu, kama tutakavyoona.

4.2 Kuoanisha

Tuchukue mfano wa kubuni wa mashabiki sita wa riwaya ya Wilkie Collins, The Moonstone (1868). Riwaya hii husimuliwa na wasimulizi wengi kwa zamu. Mtumishi Rosanna Spearman, anayejitupa katika mchanga unaodidimiza, huzungumza na msomaji moja kwa moja kupitia barua tu, nayo husomwa baada ya kifo chake. Haishangazi, basi, kwamba mashabiki wengi watamtamani yeye: utunzi wa mashabiki hupenda kuingia pale ambapo matini asilia imenyamaza.

Tuseme A, B na C wanaomba Rosanna. D anaomba Sajini Cuff. E anaomba Ezra Jennings. F anaomba Cuff au Betteredge. Kwa upande wa ahadi, A anaahidi Cuff na Betteredge, B anaahidi Cuff, C anaahidi Jennings, D na E wanaahidi Rosanna, na F anaahidi Jennings na Cuff. Maombi ni ya watu sita na ahadi ni za watu sita; kwa haraka mtu angedhani kwamba hesabu imekamilika. Lakini haikukamilika. Wapokeaji watatu wanamtaka Rosanna, ilhali watoaji waliomwahidi ni wawili tu.

Kanuni inayotawala hali hii ilithibitishwa na mwanahisabati Philip Hall mwaka 1935: kuoanisha kamili kunawezekana pale tu ambapo kila kikundi cha wapokeaji, kiwe kidogo au kikubwa, kina watoaji wanaokifaa wasiopungua idadi ya kikundi hicho. Katika jamii kubwa, upungufu wa namna hii hufunikwa na wingi wa ahadi. Katika jamii ndogo, upungufu wa mtu mmoja huvunja mpango wote.

Dawa haimo katika hesabu bali katika mazungumzo. Mratibu hurejea kwa A na kumwuliza kama angefurahia hadithi ya mhusika mwingine pia. A akikubali kuongeza Jennings, mzunguko mmoja kamili hupatikana: A anamwandikia D, D anamwandikia B, B anamwandikia F, F anamwandikia E, E anamwandikia C, na C anamwandikia A. Hakuna wawili wanaoandikiana. Ndiyo maana waratibu wengi huweka sharti kwamba kila mshiriki aombe na kuahidi zaidi ya mhusika mmoja. Sharti hilo huonekana kama usumbufu kwa anayejaza fomu, lakini ndilo linaloshikilia mpango.

4.3 Siri

Mtoaji hufichwa hadi siku ya kufunguliwa hadithi, na pengine siku chache zaidi. Siri hii ina kazi mbili. Kwanza, humwezesha msomaji kuipokea hadithi kabla ya kumpokea mwandishi. Pili, humlinda mwandishi mchanga asilinganishwe mapema na mkongwe. Katika jamii ya watu sita, hata hivyo, siri ni nyembamba. Wasomaji wanaofahamiana humtambua mwenzao kwa mtindo wake kama mtu anavyotambuliwa kwa sauti. Kwa hiyo thamani ya siri hapa si kutojulikana halisi, bali ni adabu ya pamoja: wote hukubali kutokisia hadharani.

4.4 Kujitoa

Hapa ndipo mabadilishano huishi au hufa. Katika kila kundi kuna uwezekano kwamba mtu ataugua, atazidiwa na kazi au atanyamaza tu. Kati ya washiriki mia tano, mmoja akijitoa hadithi iliyopungua ni moja katika mia tano. Kati ya sita, ni moja katika sita, na aliyekosa hujulikana kwa jina. Kibaya zaidi, aliyekosa ameshaandika ya kwake. Imani yake kwa jamii ikivunjika, mwaka unaofuata hataonekana, na wawili waliopotea kati ya sita ni theluthi.

Kwa sababu hiyo waratibu hupanga mambo matatu. Huweka tarehe ya mapema ya kujitoa bila lawama, ili mtu aseme kabla ya kuchelewa. Huwatafuta waandishi wa akiba kabla hawajahitajika. Aidha, huacha nafasi kati ya tarehe ya kukabidhi na tarehe ya kufungua, ili pengo lizibwe bila mpokeaji kujua kwamba liliwahi kuwapo. Katika jamii ndogo sana mwandishi wa akiba huwa ni mratibu mwenyewe. Anayekubali kuratibu na aelewe kwamba huenda amekubali kuandika hadithi mbili.

5.0 Athari kwa Utunzi

Mpokeaji kwa desturi huandika barua kwa mtoaji asiyemjua, akieleza anayoyapenda na asiyoyataka. Mambo haya mawili hayana uzito sawa. Anayoyapenda ni mapendekezo. Mtoaji anaweza kuyaacha mradi awatumie wahusika walioombwa. Asiyoyataka ni mpaka. Kuuvuka ni kuiharibu zawadi. Tofauti hii ndiyo inayoyatenganisha mabadilishano na uandishi wa kuagizwa, ambamo mlipaji ndiye mwamuzi. Mwandishi hubaki huru katika kujenga, lakini si huru katika kuumiza.

Kutokana na hali hiyo hutokea matini yenye msomaji wawili. Yupo msomaji mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye matakwa yake yamefumwa katika hadithi. Na wapo wasomaji wengine watakaoisoma bila kuiona barua. Mhakiki anayeichambua hadithi ya namna hii bila kuzingatia ombi lake anaweza kuuhesabu kama udhaifu uteuzi ambao kwa hakika ni heshima kwa mpokeaji.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mabadilishano ya hadithi huipa jamii ndogo kile inachokikosa: msomaji wa uhakika kwa kila mwandishi. Urefu wa chini, upana wa maombi, adabu ya siri na akiba ya waandishi vyote hulinda hakikisho hilo. Tumeona pia kwamba nia njema peke yake haitoshi, kwani watu sita wenye nia njema wanaweza kushindwa kuoanishwa. Inapendekezwa kwamba watafiti wa fasihi, hasa wanafunzi wa uzamili, wazichunguze barua za maombi pamoja na hadithi zilizotokana nazo kama matini moja. Fasihi ndogo haihifadhiwi kwa wingi wa wasomaji ambao haina. Huhifadhiwa kwa kutompoteza hata mmoja wa wale ilionao.