Mtoto Amesahau: Je, Ni Kiburi?

Mzazi, umemtuma mtoto wa miaka 4 afungie kuku, alete sufuria, kisha anawe mikono. Amerudi na sufuria tu. Usikimbilie kiboko! Kushika maagizo na kujizuia ni kazi ya ubongo ulio nyuma ya paji la uso. Uwezo huo hukua haraka kati ya miaka 3 na 5, lakini sehemu hiyo haikomai mpaka mtu apite miaka 20.

Fanya hivi:
1. Mpe agizo moja moja, alirudie kwa mdomo.
2. Chezeni "Nyama, nyama": ukitaja ng'ombe aruke, ukitaja paka atulie. Hapo anajifunza kujizuia.
3. Usimtishe. Mtoto mwenye hofu hafikiri vizuri.

Swali la kikundi: Ni agizo gani tunalowapa watoto linalozidi umri wao?