Msimamizi wa Kipaimara: Mkono Ulio Begani



Kila mara Baba Askofu azurupo parokia kutoa Kipaimara, mapadri na makatekista hukuta shida ile ile. Watoto wamefundishwa, wameungama, nguo zao ni safi, lakini ukiuliza, “Msimamizi wako ni nani?” wengine huinamisha vichwa. Wengine humtaja mtu mwenye mali, asiyeonekana kanisani ila siku ya Noeli. Tena wako wanaotafutiwa msimamizi asubuhi ile ile mlangoni pa kanisa, mtu asiyewajua hata jina. Basi yafaa tujifunze: msimamizi ni nani, na kazi yake ni nini?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yajibu katika kanuni za 892 na 893. Kadiri iwezekanavyo, kila apokeaye Kipaimara awe na msimamizi, naye aangalie kwamba mtoto yule aishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Yampasa awe Mkatoliki mwenye kufaa kwa kazi hiyo, aliyetimiza miaka 16, aliyekwisha kupokea Kipaimara na Ekaristi, aishiye kwa kupatana na imani yake, asiyefungwa na adhabu ya Kanisa. Wala asiwe baba au mama wa mtoto. Zamani, kwa Sheria ya mwaka 1917, msimamizi wa Kipaimara alikuwa mtu mwingine, si yule wa Ubatizo. Siku hizi Kanisa lapendelea awe yule yule, ili ionekane wazi kwamba Kipaimara chakamilisha neema ya Ubatizo.

Tuchukue mfano katika nchi ya mlima Meru. Huko Walutheri walianza kazi mapema, wakajenga misheni Nkoaranga na Ilboru mwanzoni mwa karne ya 20. Jimbo Katoliki la Arusha liliundwa mwaka 1963, chini ya Askofu Dennis Durning wa Shirika la Roho Mtakatifu, likawa Jimbo Kuu mwaka 1999. Kwa hiyo, tangu Ngaramtoni hata Usa River, si ajabu kukuta ukoo mmoja wenye madhehebu mawili. Walutheri nao wana ibada waiitayo Kipaimara, ila hawaihesabu kuwa Sakramenti.

Tuseme mama mmoja wa Tengeru ataka kaka yake, mzee wa kanisa la Kilutheri, asimame na binti yake. Mjomba huyo ni mtu wa sala, tena ndiye aliyemlipia mtoto karo miaka yote. Paroko asema haiwezekani. Mama anung’unika: “Je, ndugu yangu si Mkristo?”

Ni Mkristo, mama, wala hakuna amdharauye. Lakini msimamizi hapewi kazi hiyo kama shukrani kwa wema wake. Atakiwa kumshika mtoto mkono katika Misa, katika Kitubio, katika Komunyo Takatifu. Na mtu hawezi kumwongoza mwenzake katika njia asiyoipita mwenyewe. Mjomba na apewe kiti cha heshima kanisani na mezani, amwombee mtoto, aendelee kumlea kama alivyomlea. Msimamizi na awe yule wa Ubatizo, au Mkatoliki mwingine aliye imara katika Jumuiya.

Kwa kipimo hicho hicho tumpime tajiri wa mjini. Akiwa mcha Mungu, utajiri haumzuii. Lakini ikiwa tumemchagua kwa ajili ya saa na suti atakayonunua, tumemwuzia mtoto haki yake. Saa itaharibika, suti itambana. Naye atakapofika umri wa kujaribiwa, hatakuwa na mtu wa kumwendea.

Katika ibada msimamizi huweka mkono wake wa kuume juu ya bega la mtoto, Askofu anapompaka Krisma takatifu katika paji la uso. Tendo hilo lapita upesi, lakini maana yake haiishi siku ile. Kijana atakwenda shule ya bweni, au atatafuta kazi Arusha mjini. Yampasa msimamizi amjulie hali, amwulize kwa upole kama anasali, amwonye akipotoka, amwombee kila siku. Asingoje kuitwa siku ya harusi tu.

Wazazi wapenzi, msiingoje wiki ya Kipaimara. Leo jioni, baada ya sala, jiulizeni:

1. Msimamizi wa Ubatizo wa mtoto wetu yuko wapi, na mtoto amjua?
2. Tunayemfikiria, tungemtaka mtoto aige maisha yake?
3. Na sisi tuliokwisha kuwasimamia wengine, tuliwaona lini mara ya mwisho?

Mtu akishindwa kujibu swali la tatu, na aanze kwa kuwatembelea Jumapili hii.